Mtangazaji wa Kongo

Kutoka hapa kwetu mpaka Chala, hakuna mtu anayezijua redio za mbali kunishinda mimi. Hilo halina ubishi. Wenzangu wote wana simu.

Redio yangu inakula betri nne kubwa, na waya wake nimeupandisha juu ya mkaratusi nyuma ya jiko. Mchana haishiki kitu, inapiga mluzi tu. Lakini ikifika saa nne usiku, baridi ikishatufungia ndani, stesheni zinaanza kuja zenyewe: Kongo, Burundi, Zambia, na moja ya Waarabu inayolia sana. Ninazisikiliza zote. Kuelewa ni jambo jingine. Mimi niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza.

Ninachosikiliza ni mikwaruzo. Radi ikipiga huko Kongo, ng'ambo ya ziwa, redio inapasukapasuka kama bisi kwenye sufuria. Ikifanya hivyo usiku mbili mfululizo, siku ya tatu au ya nne mvua iko kwetu. Redio ikiwa safi, hakuna mvua, hata mawingu yajikusanye namna gani.

Sasa nenda ukamwambie mwanaume mzima asipande mahindi kwa sababu redio yako haina mikwaruzo. Nilijaribu kwa marehemu mume wangu, akaenda kuninunulia betri mpya. Ndipo nikaanza kusema mtangazaji wa Kongo amesema. Mtangazaji kila mtu anamwamini, hasa akiwa mbali.

Mwaka huu aliyeniamini kuliko wote ni jirani yangu Flavian. Alikuwa na mfuko mmoja wa mbegu ya dukani, ameupata kwa kuuza nguruwe jike, na hakuwa na nguruwe mwingine wala mfuko mwingine. Mvua ilinyesha siku moja, watu wakakimbilia mashambani. Nikamwambia asubiri, mtangazaji amesema bado. Akasubiri siku sita. Jua likawaka. Majirani wakaanza kumuuliza kama mbegu anaisubirisha iote kwenye mfuko. Mkewe, Lydia, shikamoo yake kwangu ikaanza kutoka nusu.

Siku ya saba mambo yakakaza. Alfonsi, mwenye ng'ombe wa kulima, alimwambia Flavian zamu yake ni kesho alfajiri. Akiiacha, ataingia tena baada ya wiki tatu. Na siku hiyohiyo lori la dagaa kutoka Kirando lililala kituoni, na dereva wake, Suleimani, akawa anawaeleza watu kwamba aliishi Kalemie, huko Kongo, miaka mitatu na Kifaransa chao anakimwaga.

Flavian akaja kuniambia kwamba usiku atakuja na mkewe na Suleimani kumsikiliza mtangazaji wangu. Nikasema karibuni sana.

Nikafikiri mpaka jua likazama. Saa nne nikaitafuta kwanza Kongo yenyewe, ikanijia safi kama maji ya kisima, bila mkwaruzo hata mmoja. Maana yake Flavian akipanda kesho, mbegu yake ni chakula cha panya. Basi nikausogeza mshale hadi Zambia. Nilijua Suleimani atasikia lugha asiyoijua, atasema stesheni haieleweki vizuri, atakwenda kulala, na mimi nitabaki na mtangazaji wangu.

Wakaja saa tano, Lydia akiwa na mtoto mgongoni. Nikawakalisha jikoni karibu na moto, nikawaambia, "Hiyo ndiyo Kongo."

Suleimani akafumba macho. Mwanaume redioni akaongea kwa haraka. Suleimani akatikisa kichwa kama mtu anayekubaliana na padri. Kisha akafumbua macho na kumwangalia Flavian, akaona jinsi alivyomkodolea macho.

"Anasema mvua kubwa inavuka ziwa," akasema. "Keshokutwa iko hapa. Wakulima wapande."

Flavian akacheka peke yake. Akasimama, akasema anakwenda kumwambia Alfonsi alete ng'ombe.

Nikabaki nimeshika kitufe cha redio. Ningesema huyu si wa Kongo, ningeulizwa kwa nini nilisema ni wa Kongo. Nikaona afadhali niaibike mimi kuliko mfuko ule uende.

"Kaa chini, Flavian," nikasema. "Mimi sijui Kifaransa."

"Ndiyo maana tumemleta Suleimani, bibi."

"Sijawahi kukijua. Mtangazaji hajawahi kuniambia kitu. Nasikiliza mikwaruzo. Ikiwepo, mvua inakuja. Leo haipo, usipande."

"Siku sita nimekaa na mbegu ndani," Flavian akasema, "kwa ajili ya mikwaruzo?"

"Kwa ajili ya kukosekana kwake," nikasema. Haikusaidia.

Suleimani akasema kwa upole kwamba wazee wetu tuwaheshimu, lakini mtangazaji ni mtu aliyesoma. Flavian akashika mlango.

"Na hapo anasema nini?" Lydia akauliza.

Suleimani akasikiliza kidogo. "Anarudia yaleyale. Wapande mapema."

"Mimi nimelelewa Lusaka kwa shangazi, nimeuza nyanya pale miaka minane," Lydia akasema, akimpandisha mtoto vizuri mgongoni. "Hicho ni Kinyanja, lugha ya kulekule. Anatangaza mafuta ya nywele. Anasema ukipaka wiki mbili, zinajaa."

Flavian akauachia mlango. Akarudi, akakaa, akaniuliza kama mikwaruzo ikianza nitamwita hata iwe saa nane za usiku. Nikasema nitamwita. Akasema basi Alfonsi na ng'ombe wake waende kwa mwingine. Halafu sote watatu tukamgeukia Suleimani.

Akajikuna shingo, akaiangalia redio.

"Ni Kifaransa cha Lusaka," akasema.