Fidla Iliyomponza Madaha

Mwatumu alianza kujifunza fidla akiwa na miaka hamsini na mbili, na kama kuna mtu mtaani Mayfair, huku ugenini, aliyemwambia "umechelewa, mama," hakumsikia, maana alikuwa anapiga. Kwao Tanga, enzi za usichana wake, wanawake waliimba na wanaume wakashika fidla, basi yeye akabaki na hamu yake rohoni. Sasa ni mjane, fundi cherehani, mlango wake anaufunga mwenyewe. Nani wa kumkataza? Jumapili Mzee Othmani wa duka la vitambaa alimfundisha nyimbo za taarabu ya zamani, na siku zilizobaki alijifundisha nyumbani, paka wake Madaha kajikunja miguuni.

Raha iliyoje! Hata ilipolia vibaya, na jamani, ililia vibaya, Mwatumu alicheka peke yake mpaka machozi. "Usinikimbie, mwanangu," alimwambia Madaha. Tangu mumewe afariki, huyo paka ndiye mtu wake.

Alisahau kwamba kuta zina masikio. Upande wa pili alikuwa amehamia Angélique, msusi kutoka Bukavu, mwenye huruma isiyo na breki. Kila jioni alisikia paka akilia kama anayechinjwa kwa kisu butu. Alivumilia, akashindwa, akawapigia simu watu wa kulinda wanyama.

Ndiyo maana Alhamisi mchana afisa mmoja, mama wa Kizulu mwenye mabuti, alisimama sebuleni kwa Mwatumu na tundu la chuma mkononi. Angélique alikuwa nyuma yake, akitafsiri. Afisa alimtazama Madaha, akaona sikio limechanika. Ulikuwa ugomvi wa mapaka tu, huko juu ya paa, lakini nani atamwamini mshitakiwa? Madaha akatiwa tunduni.

"Ni fidla!" Mwatumu alipiga kelele. "Wallahi mnachosikia ni fidla!"

"Basi apige," afisa akasema.

Mwatumu akaishika. Alimtazama Madaha nyuma ya vyuma, machozi yakamlenga. Akafumba macho, akampigia kana kwamba anamuaga. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu aanze, wimbo ukatoka mtamu, laini, umenyooka. Hata mwenyewe alishangaa.

Angélique akatikisa kichwa kwa huzuni. "Hapana, Mama. Hii ni muziki. Mi nilisikia paka."

Afisa akainua tundu.

Haya, niambieni, mkosi gani huo? Miezi yote mtu anaviomba vidole vimtii, na siku anayotaka vimwasi, vinatii! Mwatumu akarudia wimbo akijitahidi kukosea. Wapi! Ndiyo kwanza ukazidi kunoga. Afisa alikuwa keshafika mlangoni. Mwatumu akakimbilia ile sehemu ya juu, pale sauti inapopanda sana, ambapo hajawahi kupaweza, akaukandamiza upinde.

Ngiiiii!

Afisa akaziba masikio. Angélique akaruka, mikono kichwani. "Ni ule! Ndio ule paka! Banamuchinja!"

Wote wakamgeukia Madaha. Alikuwa tunduni, anajilamba mkia, hana habari.

Afisa ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya vitambaa vya wateja, kisha akafungua tundu. Mwatumu akamkumbatia paka wake akilia bila haya, "Alhamdulillahi, alhamdulillahi."

"Eish, Mama Mwatumu, unisamehe," Angélique akasema, naye analia. "Mi nilisikia huruma tu."

"Huruma yako itaniua, dada." Lakini akamvuta kiti, akawamiminia wote wawili chai.

"Sasa utupigie ile ya kwanza," Angélique akaomba. "Ile nzuri."

Mwatumu akachukua fidla. Vidole vikarudia uasi wao, na kilichotoka, mimi siwezi kukieleza mbele za watu. Wakakisikiliza mpaka mwisho, na Angélique akapiga makofi.