Samaki Wasio na Alama ya Ndoana

Uvumi uliingia kijijini Idodi asubuhi na gari lililotoka upande wa hifadhi ya wanyama, na mpaka mchana Evarista alikuwa hajaweza kuutoa kichwani. Ati kwenye dimbwi moja la Mto Ruaha, ndani kabisa, askari wamekuta samaki wanaelea, na tai na korongo wamejifia ukingoni. Ati mtu katia majini dawa ya nyanya, ile ya kuulia wadudu.

Dawa ya nyanya. Juzi tu mdogo wake, Amos, alikuja kuomba chupa iliyobaki kwenye shamba lake la nyanya.

"Ya nini, na nyanya huna?"

"Dada nawe, maswali kama polisi. Nipe tu, utakula kitoweo."

Akampa. Jana usiku Amos akaleta ndoo ya kambale na perege, wakubwa kwa wadogo, hakuna hata mmoja mwenye alama ya ndoana wala ya nyavu. Evarista aliliona hilo. Akawakaanga, alfajiri akawapeleka sokoni, akabakiza wachache wa nyumbani kwa mchana.

Kiangazi hiki mto umekatika, maji mengi yameishia kwenye majaruba ya mpunga huko Rujewa. Nje ya hifadhi umebaki mchanga. Ndani, kwa kuwa hakuvuliwi wala hakuwindwi huko, madimbwi yamehifadhi vyote: samaki, viboko, mamba, ndege. Mvua zikinyesha, samaki hao ndio husambaa mtoni mpaka kwenye nyavu za vijijini. Evarista anajua. Juu ya jiko lake, kwenye moshi, yananing'inia mahindi ya mbegu, na binti yake Blessing aliwahi kuchapwa kwa kuchoma hindi moja tu la hayo. Dimbwi lile lilikuwa mbegu ya mto mzima, na chupa ilitoka kwake.

Mchana akawatupa chooni samaki waliobaki, akampikia Blessing maharage. Waliokwisha kununua hakuwaambia. Huenda ni maneno ya watu tu, alijisemea.

Jioni Ruwaida, mtoto wa jirani, akabisha na bakuli lililofunikwa sahani. "Mama kasema uonje samaki wako, kawatia nazi."

Mkono wa Blessing ulikuwa umeshafika kwenye sahani. Evarista akaupiga.

"Mmeshakula kwenu?"

"Bado, baba ananawa. Mimi nimeonja mchuzi tu."

Alimshika Ruwaida mkono, wakakimbia. Mwantumu, mama yake, alikuwa anapakua.

"Mama Ruwaida, usipakue. Hao samaki wana dawa."

"Dawa gani tena, jirani? Au unataka ukawauze mara ya pili?" Mwantumu akacheka peke yake.

"Ya nyanya. Chupa nilitoa mimi. Na huyu kaonja."

Upawa ukatua mezani. "Umejua lini?"

"Asubuhi."

"Na Blessing mchana kala nini?"

Evarista aliangalia sufuria. "Maharage."

Mwantumu aliifunika sufuria. Alimbeba mtoto, akaenda zahanati. Evarista akapita nyumba kwa nyumba kwa wote walionunua, akisema yale yale, akitazamwa vile vile. Ruwaida alitapika sana, kisha akaomba chai. Alipona. Asubuhi Evarista akaenda kwa askari wa hifadhi, akaitaja chupa, akamtaja na Amos.

Bakuli aliliosha, akalipeleka. Mwantumu alilipokea mlangoni, hakumwambia karibu.

Sasa kila anayekuja kununua nyanya kwa Evarista anaambiwa haya, atake asitake:

Usimpe mtu dawa ya shamba bila kujua inakwenda kuua nini.

Usivue kwenye madimbwi ya hifadhini, hata mto ukikatika.

Usinunue samaki wakubwa kwa wadogo wasio na alama ya ndoana wala nyavu.

Usile ndege wala mnyama uliyemkuta amekufa karibu na maji.

Usioshe chupa ya dawa mtoni.

Usinyamaze kwa sababu mwanao hajala.