Nafasi ya Waitikiaji

Majaji wa shindano la kuimba la televisheni walimsimamisha mwanangu Milembe kabla hajafika mstari wa pili.

"Umesahau maneno," alisema jaji wa katikati.

Hakuwa amesahau. Aliimba wimbo wa palizi, ule wa kwetu Kasoli tunapopalilia pamba kwa zamu, leo shamba langu, kesho la jirani. Kiongozi anaimba mstari, ananyamaza, majembe yanashuka na wote wanaitikia. Milembe alinyamaza kama alivyozoea, akasubiri. Ukumbi mzima wa Mwanza ulimtazama tu. Nami nilikuwa nyuma na wazazi wengine, tumekatazwa kutoa sauti.

Wakampa nafasi ya mwisho saa tisa.

Nje nilimwambia afute machozi tufanye kazi. Asubuhi niliwasikiliza wote waliopita. Kila mmoja aliivuta sauti, akaipandisha, akaitikisa. Wa Bukoba, wa Lamadi, wa Dar, wote vilevile. Nikamuuliza kwa nini.

"Kwenye televisheni ukinyamaza wanakukata, mayu," akaniambia; mayu ni mama kwa Kisukuma chetu.

"Basi kijaze hicho kimya."

Saa tisa akakijaza. Akapita; mwezi ujao anakwenda Dar. Nilipiga vigelegele hadi mlinzi akanisogelea.

Jumatatu tulipalilia kwa Nyanjige, wanawake tisa. Wakataka kuusikia wimbo ulioshinda. Milembe akaimba, sauti ikapanda, ikatikisika, ikaunga mstari na mstari. Nzuri kweli. Ila majembe yalikwenda ovyo, huyu anashusha, yule ananyanyua. Nyanjige akasimama.

"We Milembe, sasa sisi tunaingia wapi?"

"Hamuingii, shangazi. Ndivyo wanavyotaka."

"Kumbe tukae tukupigie makofi? Na magugu nani atang'oa, majaji?"

Tukacheka. Milembe naye akacheka, akaimba tena kama zamani. Mstari, kimya. Tukaitikia, majembe yakashuka pamoja. Nilimwona uso wake umekunjuka. Kule Mwanza hakuwa na uso ule, hata alipopita.

"Dar wanaruhusu waitikiaji jukwaani?" nikauliza.

"Sijui."

"Uliuliza?"

"Sikuuliza."

"Namba yao unayo. Uliza."

"Na wakinifuta, mayu?"

"Palizi bado ipo."

Alinitazama vibaya. Kisha akalaza jembe, akajifuta mikono kwenye kitenge, akapiga. Simu ilipoanza kuita, wote shambani tukanyamaza.