Nati za Kengele ya Notburga

Nimefundisha ufundi makanika Mbinga mjini miaka mingi, na mikono yangu imezoea grisi na uchafu wa kila namna. Lakini hakuna kitu kilichowahi kunitia kinyaa kama nati zile.

Zilikuwa juu ya mnara wa kanisa la kigango kimoja huko milimani. Mzee Bernadi alikuwa ameuza kahawa ya misimu miwili akanunua kengele, ikaandikwa jina la marehemu mkewe, Notburga. Kabla ya hapo waumini waliitwa kwa kugonga rimu ya lori iliyoning'inizwa mtini. Kazi ya kuifunga kengele mzee alimpa mwanawe, Hilari, maana ndiye fundi wa ukoo. Mimi si Mkatoliki, ila katekista Mansuetus aliniomba nikaikague kabla padre hajaja kuibariki Jumapili.

Nilipanda. Bolti nne, hazina tatizo. Nati zilikuwa zimepakwa rangi ya fedha, nzito mno, mpaka nikaingiwa na shaka. Nikakwangua kwa ncha ya bisibisi. Chini ya rangi nikaona alama za msumeno. Hilari alikuwa amenunua nati mbili, akazikata katikati ya unene wake kama mche wa sabuni, zikawa nne nyembamba. Bei ya nati mbili haifiki hata ya soda.

Nguvu ya nati iko kwenye meno yake ya ndani yanayoishika bolti. Ukiyapunguza, yaliyobaki yanabeba mzigo wote mpaka yanachunika, na bolti inapita kana kwamba hakukuwa na nati. Nikakaa kwenye boriti nikapiga hesabu. Kengele ikitulia ina uzito wa magunia manane ya kahawa. Ikibembea inavuta kama magunia ishirini na zaidi, tena inaegemea upande mmoja kwa zamu. Chuma chenyewe kilikuwa laini, na meno mazima yaliyobaki hayakuzidi mawili. Nikarudia hesabu, safari hii nikimpendelea Hilari kila nilipoweza. Bado haikutosha. Na mvuta kamba anasimama chini ya kengele, hapo hapo.

Nilipomwambia, Hilari alicheka.

"Madam Eunice, kwani nusu nati si nati? Mbona inakaza?"

"Inakaza, lakini haitabeba. Itachunika."

"Basi nitafunga mbili mbili."

Nilitamani kumtemea mate. "Nunua nati nzima, Hilari. Atakayevuta kamba ni baba yako."

"Nitabadilisha, Madam. Unadhani mimi simpendi baba?"

Jumapili nilifika mapema. Mzee Bernadi alikuwa amevaa koti la harusi yake, kola imeliwa na mende, na uso umejaa furaha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo mama Hilari atasikika mpaka ng'ambo ya bonde."

Nikamuuliza Hilari kama amebadilisha nati. Akaapa kwa jina la marehemu mama yake. Nikamwamini, mjinga mimi.

Padre akanyunyiza maji ya baraka, mzee akaishika kamba. Hapo ndipo nikaona kwamba Hilari amesimama mbali, kwenye vichanja vya kahawa, pamoja na mkewe na watoto wake wote. Waumini wengine walikuwa wamesongamana mlangoni, karibu na mnara. Nikaanza kupenya katikati ya watu nikisema, "Mzee, subiri!" Mzee hakunisikia, maana kwaya ilikuwa imepamba moto. Alikuwa anamwita mjukuu wake waivute kamba pamoja.

Mariana, binti mdogo wa Hilari, akachomoka mbio.

"Mariana!" Sauti ya Hilari ilipasua wimbo. "Toka hapo! Toka chini ya kengele!"

Kwaya ikanyamaza. Mtoto akasimama njiani, haelewi kosa lake. Mzee Bernadi aliinua macho akaitazama kengele, kisha akamtazama mwanawe, kamba bado imo mikononi.

"Na mimi je, Hilari?"

Mzee akaiachia kamba taratibu, akamshika Mariana mkono, wakaenda mpaka kwenye mti wa zamani. Akaokota chuma, akaigonga rimu mwenyewe, na watu wakaingia kanisani.

Mimi nilibaki nje. Hilari akanisogelea, jasho linamtoka, anajaribu kutabasamu.

"Lakini Madam, si umeona? Haijaanguka."

Nikazunguka nyuma ya kanisa, nikatapika.