Mpira Mwembamba wa Tabo

Katika mji mzima wa Whyalla hakukuwa na mtu wa kumfundisha mzee Merv habari za mabomba. Ujana wake wote uliishia kwenye kiwanda cha chuma, akifunga na kufungua mabomba ya mvuke, na kiburi cha kazi hiyo alistaafu nacho. Basi binti yake Kirra alipoanza kulifumua gari lake la Kijapani uani, mzee alikuwa na neno kila jioni.

Na kweli binti hakuacha kitu. Bomba la kuvutia hewa aliweka nene zaidi, na tabo, lile feni linalosindilia hewa kwenye injini, akaliongeza presha.

"Mwanangu, hilo gari litakuua."

"Baba nawe! Kula pai yako inapoa. Presha nimeipima, haizidi nilipoiweka."

"Injini ni kama boila ya mvuke. Ikijaa, inapasuka."

"Ingekuwa boila ningekuita wewe," Kirra akacheka, akaenda kuoga.

Mzee akabaki na gari. Jumapili binti alikuwa anakwenda mashindanoni, na huyo ndiye mtoto wake wa pekee, jamani! Akaona mpira mwembamba unaotoka kwenye tabo na kuingia kwenye kikopo cha bati, akajiambia presha inapitia humo. Kiwandani ukiziba bomba, kinachopita kinapungua. Hata mtoto mdogo anajua. Akauchomoa, akasokomeza skrubu fupi ndani, akaurudisha kama ulivyokuwa. Gari litakuwa zito, binti atanung'unika, lakini atarudi nyumbani mzima. Siku hiyo mzee alilala fofofo.

Asubuhi Kirra akaenda kulijaribu kwenye barabara ya Iron Knob. Injini ikapasuka gari likiwa kasi, oili ikamwagikia matairi ya nyuma, gari likabiringika hadi vichakani. Kirra akakimbizwa hospitali.

Zlatko, fundi rafiki yake Kirra, ndiye aliyelivuta hadi gereji. Akamwita mzee.

"Huu mpira, mzee wangu, ndio unaokiambia kilango cha tabo kifunguke na kuishusha presha ikizidi. Sasa umezibwa na skrubu. Kilango hakikupata habari, presha ikapanda tu mpaka injini ikashindwa. Maskini, itakuwa alisahau mwenyewe alipokuwa anafunga."

Kumbe aliyetaka kupunguza ndiye aliyeongeza! Mzee akaitikia kwa kichwa, akaondoka.

Hospitalini alimkuta jirani yake Beryl mlangoni na maua. "Vijana hawa, Merv," akanong'ona. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wewe ulisema wee mpaka ukachoka."

Kirra alikuwa amelazwa chali, shingo imefungwa. Daktari alikwisha kusema miguu haitamwinua tena. Alipomwona baba yake, machozi yakamtiririka hadi masikioni.

"Zlatko kaniambia, baba. Skrubu. Uzembe wangu mwenyewe. Ulinikanya nikakucheka."

"Nyamaza, mwanangu. Pumzika."

"Nitapumzikaje? Nisamehe kwanza."

Mzee akatazama mlango, akatazama shuka. Maneno ya kweli yalikuwa machache, na yote yalikuwa kooni. Binti akamshika kidole, akakibana kwa nguvu zilizobaki.

"Baba?"

"Nimekusamehe," akasema mzee Merv.