Simu Iliyojaa Sindano

Simu ya Bi Vifungo ilikuwa imejaa hadi pomoni. Ukiigusa, ilifikiri kwanza. Ukitaka picha, ilikuletea kikokotoo. Ukitaka kupiga, iliganda, na ukiikaripia ilizidi kupata moto, utadhani nayo ina la kujibu. Kila asubuhi ilimwandikia kwamba nafasi imekwisha, na kila asubuhi yeye aliliondoa tangazo lile kwa kidole gumba na kuendelea na kazi. Alikuwa fundi cherehani, mwenye chumba kimoja kinachotazama barabara na vifungo vya mashati katika kila mfuko wa nguo yake, ndiyo maana mtaa ukampa jina hilo. Mambo ya simu hakuwa na muda nayo.

Lakini wiki hiyo alibanwa. Mumewe, ambaye wateja walimwita Bwana Pasi kwa sababu ndiye aliyenyoosha kila nguo iliyotoka kwenye cherehani ya mkewe, alikuwa amepata kiharusi. Mguu ulishaanza kumtii, mkono wa kulia nao ulikuwa unajikongoja, ila maneno yaligoma kabisa. Ukimtazama machoni uliona neno limefika mlangoni, halafu linarudi ndani. Na huyu, jamani, alikuwa mtu wa kuzungumza hata na kola za mashati. Sasa alikaa kwenye kiti chake kando ya meza ya pasi, kimya, na kimya hicho kilimuumiza mkewe kuliko kitu kingine chochote.

Mtaalamu wa matamshi kule hospitali aliahidi kuwatumia video za mazoezi kwa simu. Aliuliza pia kama ipo sauti yoyote ya mgonjwa ya siku zake za afya, maana maneno ambayo mtu ameyasema miaka nenda rudi mara nyingi ndiyo hutangulia kurudi, na kujisikia mwenyewe kungemsaidia. Bi Vifungo aliinamisha kichwa. Bwana Pasi hakupenda kupigwa picha wala kurekodiwa. Hata kwenye harusi za wanawe alikuwa akiwakimbia wapiga picha. Sauti haikuwepo. Zikabaki video za mazoezi, na hizo nazo simu ilizikataa moja baada ya nyingine, kwa maneno yaleyale ya kila asubuhi.

Ndipo akamwita wifi yake.

Wifi, dada yake Bwana Pasi, alikuwa na duka la kutoa kopi na picha za pasipoti, na mdomo usio na breki. Alifika mchana na memori kadi mpya ndani ya pochi, akamshika kaka yake bega kwa muda, kisha akaketi juu ya rundo la vitambaa bila kuuliza ni vya nani.

"Wifi, hii ni simu au pasi nyingine?" alisema, akiihamisha kutoka mkono huu kwenda mkono ule. "Inaunguza."

"Nimekuita uitengeneze, sikukuita uitukane."

"Siitukani. Naisikitikia."

Aliizima, akaiacha kidogo, akaiwasha upya. Kisha akaanza kufagia. Yaliondoka maua ya kutakiana asubuhi njema kutoka kundi la ukoo, ambayo shangazi mmoja huyatuma hata akiwa na homa. Ikaondoka michezo waliyoiweka wajukuu walipokuja likizo, zikafuata programu mbili za tochi kwenye simu ambayo ina tochi yake. Wifi akafuta na zile takataka ambazo programu hujirundikia kimyakimya.

"Na hii ya kupunguza tumbo?"

"Iliingia yenyewe."

"Ikaona kazi ni kubwa, ikajikalia."

Bwana Pasi alitikisika mabega kwa kicheko. Bi Vifungo alijifanya amenuna, lakini moyoni alimshukuru wifi yake kwa kile kicheko, maana kilikuwa hakijasikika humo ndani tangu hospitali.

Simu ilipata nafuu, ila kidogo tu. Wifi akafungua sehemu inayoonyesha ni nini kinakula nafasi, akakunja uso.

"Ni video. Unazo nyingi kuliko kituo cha televisheni."

"Mimi? Sijapiga video tangu nizaliwe."

"Basi njoo uone. Sindano. Sindano. Hii hapa sindano tena. Hii ni pua yako. Hii ni dari, dari, dari mpaka mwisho."

Kumbe. Tangu macho yalipoanza kumchezea, jambo ambalo asingelikiri hata mbele ya hakimu, Bi Vifungo alikuwa na ujanja wake. Alifungua kamera, akaielekeza kwenye tundu la sindano, tundu likakua, naye akatunga uzi huku akitazama kioo. Kile kiduara chekundu aliamini ndicho swichi ya taa, kwa sababu kila alipokibonyeza taa ya nyuma iliwaka. Uzi ukishapita, aliilaza simu kifudifudi mezani na kurudi kwenye cherehani. Nayo iliendelea kurekodi dari na kelele za chumba mpaka mtu apige, au mpaka ichoke.

Wifi alicheka mpaka akashika mbavu. Bi Vifungo aliona aibu ikimpanda hadi masikioni.

"Futa," alisema. "Futa zote, za mazoezi zipate kuingia."

Wifi akazichagua zote kwa pamoja. Simu ikauliza kama ana uhakika. Kidole kilikuwa kimeshashuka, kikasita.

"Ngoja kwanza nione moja, nikapate cha kuwachekesha nyumbani."

Aliibonyeza. Ikatokea sindano, na vidole vya Bi Vifungo vikihangaika na uzi. Nyuma yake ulisikika mlio wa mvuke wa pasi, kisha sauti ya mwanamume, nzito na ya utani, isiyo na haraka yoyote.

"Lete hapa, mama, nikutungie. Huo uzi haukupendi."

"Shughulika na pasi yako," sauti ya Bi Vifungo ikajibu.

Wifi aliondoa mkono kwenye simu. Bwana Pasi aliinua kichwa. Bi Vifungo akasema kwa sauti ndogo, "Weka nyingine."

Akaweka nyingine. Humo Bwana Pasi alikuwa akiigombeza kola iliyokataa kulala. Katika nyingine aliimba vibaya, katika nyingine alitaka chai, na karibu kila moja ilianza vilevile: lete hapa, mama, nikutungie. Na kila mara mkewe alimrudisha kwenye pasi yake. Bi Vifungo alilia na kucheka kwa wakati mmoja. Alimshukuru Mungu, akamshukuru wifi na udaku wake, akaishukuru simu aliyoitukana kila siku, akayashukuru hata macho yake mabovu, na kwa mara ya kwanza akayaita mabovu kwa sauti. Bwana Pasi alikuwa amemshika mkono, naye machozi yalimtiririka bila kuyafuta.

Wifi alizihamishia video zote kwenye memori kadi. Alizifungua kule kuhakikisha zinasema, akajitumia nakala za kwenda kutunza dukani, na ndipo tu akaziondoa kwenye simu. Muda mfupi baadaye video za mtaalamu ziliingia zote, bila simu kunung'unika. Ilikuwa nyepesi sasa. Ukiigusa, inaitika.

Tangu siku hiyo, kila baada ya mazoezi walikaa wawili wakimsikiliza Bwana Pasi wa zamani akigombana na nguo. Huyu wa sasa alifuata kwa midomo, bila sauti. Mkewe hakumharakisha, ingawa kuna siku alijikaza kisabuni ili asilie mbele yake.

Asubuhi moja kulikuwa na shati la mteja lililobakiza vifungo tu. Bi Vifungo alichukua sindano na uzi, akainua simu kwa mazoea, kamera ikafunguka papo hapo.

"Le," alisikia nyuma yake.

Hakugeuka. Aliogopa kukitisha kile kilichokuwa njiani.

"Lete," alisema Bwana Pasi. Akapumzika. "Hapa. Mama."

Miaka yote ile Bi Vifungo alikuwa na jibu moja tu, na jibu hilo lilikuwepo pale ulimini, tayari. Alilimeza. Akaiweka simu kifudifudi mezani, akavuta kigoda hadi kwenye kiti cha mumewe, akampa uzi. Mkono wa mumewe ulikuwa bado unajikongoja, kwa hiyo Bi Vifungo ndiye aliyeshika sindano. Uzi ulikosa tundu, ukakosa tena, na shati la mteja likasubiri.