Mtoto Kwenye Mizani ya Bucha

Mwenye bucha alikuwa na mazoea yake: mwanawe akitimiza miezi minne, anamfunga kwenye shuka, anamning'iniza kwenye mizani ya nyama, wateja wanakisia kilo. Ungedhani ng'ombe ndiye aliyezaa. Binti yake wa kwanza, aliyelelewa kwa maziwa ya kopo yaliyokolezwa sukari, alipigiwa vigelegele. Sasa ana miaka sita, na akipanda ngazi za nyumbani anahema hadi anashika ukuta. Nesi alikwisha kumweleza mama yake kwamba ziwa si kinga ya kila kitu, lakini humpunguzia mtoto hatari ya kunenepa kupita kiasi, maana anayenyonya akishiba huacha mwenyewe. Mama alilishika neno hilo kwa mikono miwili.

Kichanga wa pili alipopandishwa, mshale haukwenda mbali. Mteja mmoja akauliza kama huyo ni mtoto au mabaki ya jana. Mwenye bucha akacheka kinafiki, akafunga bucha mapema, akanunua kopo na chupa ya kunyonyeshea.

Alimkuta mkewe ananyonyesha, akamwamuru amwachishe mtoto ziwa leo hii. Mke akamjibu kwamba hamwachishi ng'o. Hapo mume akamnyofoa mtoto kifuani, akachanganya maziwa, akamsukumia chupa mdomoni mpaka yakamtokea puani. Mke akaipiga ile chupa, ikapasukia ukutani. Kofi la kwanza likambamiza kwenye kabati, la pili likampasua mdomo. Akamrukia mumewe, akamng'ata mkono bila huruma hadi akamwachia mtoto.

"Unataka mtaa mzima unicheke?"

"Mmoja unamuua taratibu. Huyu humpati."

Mume akanyanyua kigoda. Alikuwa na hasira ya mtu aliyedhalilishwa mbele ya watu, na hasira ya namna hiyo haina macho. Binti mkubwa akatoka chumbani mbio, akajitupa katikati. Kigoda kilimkosa, lakini zile mbio zilimtosha. Akaanguka, mdomo wazi, midomo ikibadilika rangi.

Mwenye bucha, anayebeba paja la ng'ombe begani huku anapiga soga, alipiga magoti kando yake. Akamkalisha, akampepea kwa aproni yenye damu, akimbembeleza apumue. Pumzi ikarudi kidogo kidogo, kwa mkoromo.

"Baba, mwache anyonye," akasema. "Sitaki awe kama mimi."

Mkewe, damu ikimchuruzika kidevuni, alimbeba kichanga mgongoni, akamshika binti yake mkono. Walishuka ngazi polepole kuelekea zahanati, wakisimama kila binti alipotaka kupumzika. Mume alipojaribu kuwafuata, binti yake alimwomba abaki.